"Kutumia simu ukiendesha" ni kufanya nini hasa?

Wengi husema Uingereza imepiga marufuku kutuma meseji ukiendesha gari. Ni kweli, ila sheria yenyewe inautazama mkono kwanza: umeishika simu, na unaifanyia nini?

Kosa hilo lilianza tarehe 1 Desemba 2003. Wakati huo "kutumia" kulihusu mawasiliano tu, yaani kupiga, kupokea, kuandika na kutuma. Mwaka 2017 dereva mmoja alipita penye ajali London akairekodi video kwa simu yake. Alitiwa hatiani, akakata rufaa akashinda. Upande wa mashtaka ukalifikisha shauri Mahakama Kuu, na mwaka 2019 nao ukashindwa, kwa kuwa kurekodi si kuwasiliana na mtu.

Pengo hilo lilizibwa tarehe 25 Machi 2022. Sasa ukiwa na simu mkononi, kupiga picha, kutafuta wimbo, kuifungua, hata kuwasha kioo uone saa ngapi, yote ni kutumia, iwe na mtandao au isiwe nao. Kwangu mimi marekebisho haya yalichelewa mno. Gari linalokwenda maili 30 kwa saa hukata mita 40 hivi kwa sekunde 3, na mtoto anayevuka hatapona eti kwa kuwa tu dereva alikuwa akichagua wimbo, si kuandika meseji.

Penye taa nyekundu au foleni je? Bado unaendesha, hata injini ikiwa imejizima yenyewe. Anayemsimamia mwanafunzi wa udereva naye hubanwa vivyo hivyo, ingawa usukani hakuushika yeye.

Adhabu ni faini ya pauni 200 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Kwa dereva ambaye hajamaliza miaka miwili tangu afaulu mtihani, pointi 6 zinatosha kumfutia leseni, aanze upya na mtihani juu.

Unaruhusiwa kupiga 999 kwenye dharura ikiwa kusimama ni hatari au haiwezekani, na kulipia kwa simu dirishani mwa mgahawa gari likiwa limesimama. Simu iliyobanwa kwenye dashibodi inaweza kukuonyesha njia. Lakini ikikuvuruga, polisi anaweza kukushtaki kwa kushindwa kulimudu gari ipasavyo, hata kama hukuigusa.