Kipisi kina aibu, moshi hauna

Wiki iliyopita nilibanwa na mvua kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda karibu na soko la Mbuyuni. Kijana mmoja alimaliza sigara yake, akaizima kwenye soli ya kandambili, akatazama kulia na kushoto, kisha akakitia kipisi kwenye mfuko wa shati. Nilicheka kimoyomoyo. Hapa mjini Moshi hata mlevi anajua kwamba ukitupa taka ovyo, faini inakuhusu.

Ila dakika tano kabla ya hapo, kijana huyohuyo alikuwa akipuliza moshi chini ya turubai tulilobanana watu saba, mmoja wetu mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na afya ya jamii, nilinyamaza vilevile.

(Utani wa "Moshi bila moshi" nimeusikia kwenye kila semina. Naomba tuuache.)

Usafi wa mji huu haukuletwa na mabango. Sheria ndogo za manispaa zipo, lakini kinachozifanya ziume ni watu: mwenyekiti wa mtaa anajua uchafu ule ni wa nyumba ipi, mwenye duka anafagia mbele ya mlango wake, na jirani anakuambia, "Okota bwana, utatuponza." Afisa afya hawezi kusimama kila kona. Jirani yupo siku zote.

Kwenye sigara tulianza na karatasi, na karatasi hatukukosa. Sheria ya tumbaku ni ya mwaka 2003, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa sigara. Mtaani sheria hiyo inaishia kwa Mangi, mwenye duka.

Nenda duka lolote la mtaa jioni. Pembeni ya nondo za dirisha utakuta kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi. Mteja anasema "nipe moja", anatoa sarafu, anawashia palepale. Pakiti haishiki mkononi, kwa hiyo onyo lililoandikwa juu yake halioni. Mtoto aliyetumwa sukari amesimama nyuma yake, pua usawa wa kiuno cha mvutaji. Na kwa kuwa nikotini hupungua mwilini kwa nusu ndani ya saa mbili hivi, mteja huyo atarudi. Sigara ya moja moja inamfaa anayejidanganya kwamba amepunguza, na inamfaa zaidi kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza, maana pakiti nzima asingeimudu.

Nilizungumza na Mangi mmoja wa mtaani kwangu. Akasema, "Dokta, sigara siachi kuuza, nitakula nini? Ila kiberiti nitakitoa." (Mimi si daktari, lakini huku kila anayebeba faili la afya ni dokta.) Wateja walinung'unika siku mbili, wakazoea kuondoka na sigara ambayo haijawashwa. Sidai kwamba kuna aliyeacha kuvuta kwa sababu ya uzi ule. Ninachojua ni kwamba benchi la dukani sasa halifuki.

Tena wanaovuta si wengi kama tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7: wanaume 14.6, wanawake 3.2. Humo umo na ugoro, ambao wazee wetu hawauhesabu kabisa kuwa tumbaku. Kwa hiyo chini ya lile turubai wengi wetu hatukuwa wavutaji. Tulikuwa wavutishwaji, na kwa mtoto wa mgongoni hiyo maana yake ni hatari ya nimonia, pumu na maradhi ya masikio.

Mlango mwingine ni kliniki ya kifua kikuu. Mkoa wetu una Kibong'oto, hospitali iliyozaliwa na ugonjwa huo, kwa hiyo hapa kifua kikuu si hadithi ya mbali. Uvutaji huongeza hatari ya kuugua karibu mara mbili. Kila mgonjwa wa kikohozi aulizwe kama anavuta, na akisema ndiyo, asiachiwe kipeperushi aende zake. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mikono isiyojua pa kukaa. Dereva wa bodaboda atazimalizia wapi siku hizo kama si kijiweni, katikati ya wenzake wanaomwambia "chukua moja, utulie"? Muuguzi hamfuati mgonjwa hadi kule. Mwenyekiti wa kijiwe yuko kulekule, na vijana wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi.

Ndiyo maana nimeacha kupigania semina nyingine ya ukumbini. Nilimrudia mwenyekiti wa kile kijiwe, nikamweleza habari ya turubai na mtoto. Alisikiliza huku akifuta siti ya pikipiki. Akasema tayari wana sheria zao, zimeandikwa kwenye ubao pamoja na michango ya misiba, na nafasi ya mstari mmoja ipo: anayevuta avuke barabara, mvua au jua. Ila lazima wenyewe wakubaliane. Nije Jumatatu saa moja asubuhi kabla abiria hawajawa wengi, na nisije na bango.