Maana ya "wingu la kutojua" katika sala ya Wakristo wa zama za kati

"Wingu la kutojua" ni istilahi ya maisha ya kiroho iliyotoka Uingereza mwishoni mwa karne ya 14. Inataja hali inayomkuta mtu anayesali baada ya kuweka kando kila wazo na kila picha aliyo nayo kuhusu Mungu, akabaki na hamu tupu ya kumpenda. Jina hilo ndilo la kitabu kilichoieleza, chenye sura 75, kilichoandikwa kwa Kiingereza cha siku zile badala ya Kilatini cha wasomi. Mwandishi wake hakujitaja. Aliyeandikiwa alikuwa kijana wa miaka 24 aliyekuwa akiingia katika maisha ya upweke na sala.

Neno linalokwaza watu ni hilo "kutojua", kwa kuwa haraka hudhaniwa kuwa ni ujinga. Mwandishi aliliona tatizo hilo mapema, akamwonya kijana asifikirie wingu la mvuke linaloelea angani, wala giza linaloijaza nyumba usiku mshumaa unapozimika. Giza analolisema ni kukosa kujua tu: jambo usilolijua, au ulilolisahau, liko gizani kwako kwa kuwa jicho la roho yako halilioni. Wala hakudharau elimu, maana anasisitiza kwamba anayeanza hawezi kusali vema bila kusoma na kutafakari kwanza. Hoja yake ni kwamba akili, hata iwe kali namna gani, ina mahali inapoishia, na kwamba Mungu hushikwa kwa upendo wala si kwa fikra.

Taswira yenyewe ni ya zamani kuliko kitabu. Katika kitabu cha Kutoka, Musa anapanda mlima Sinai na kuingia ndani ya wingu. Kisha, yapata mwaka 500, mwandishi mmoja aliyejificha nyuma ya jina la Dionisio Mwareopago, yule aliyemwamini Paulo kule Athene katika Matendo ya Mitume 17, alifundisha kwamba Mungu hutajwa vizuri zaidi kwa kukanusha kuliko kwa kuthibitisha, kwa sababu kila sifa tunayompa ni finyu kuliko yeye. Mwingereza wetu aliyachukua mafundisho hayo, lakini akayapa joto la upendo ambalo kwa Dionisio halisikiki sana.

Kiutendaji, anayesali yuko kati ya mawingu mawili. La juu ni la kutojua, lililo kati yake na Mungu. La chini ni la kusahau, analotakiwa kuviweka chini yake viumbe vyote, hata vilivyo vyema. Kulipiga wingu la juu anapewa neno moja fupi, "Mungu" au "upendo", ambalo halichambui bali analishikilia tu. Kitabu kinapendelea neno la silabi moja, jambo lililo rahisi kwa Kiingereza na gumu kwetu, lakini mfano wake unaeleweka popote: mtu aliyeshtushwa na moto hatungi sentensi, hupiga kelele "Moto!" na majirani wakaja mbio. Sala fupi, anasema, hupenya mbingu kwa namna hiyohiyo.

Hatari kubwa aliyoiona ni ya wanaoyachukua maneno haya kimwili. Wakiambiwa wainue mioyo juu, hukodoa macho kama kondoo waliopigwa kichwani, na kuishia kuuchosha mwili bure.

Mawazo yakizidi kusumbua, hamshauri kijana apigane nayo. Anamwambia ajaribu kutazama juu ya mabega yao, kama mtu anayetafuta kitu kingine nyuma yao. Na kitu hicho ni Mungu, aliyezingirwa na wingu la kutojua.