Mzee na kanisa: maswali na majibu kuhusu afya ya mwili na ya moyo

Haya maswali yanatoka kwa wazee wenyewe, kwa watoto wao na kwa viongozi wa jumuiya. Najibu kama mtu wa afya, mambo ya wokovu muulizeni padri au mchungaji wenu. Mifano mingi ni ya Tanzania, na nikisema mzee namaanisha mtu wa miaka 60 kwenda juu, kama ilivyo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003.

Hivi ni kweli kwenda kanisani kunaongeza maisha au ni maneno ya wachungaji tu?

Kuna ukweli hapo ila sio vile watu wanavyoutangaza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya elfu 74, wote manesi, kwa miaka kama 16 hivi, na wale waliokuwa wanaenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki uwezekano wao wa kufa ndani ya hiyo miaka ulikuwa chini kwa asilimia 33 ukilinganisha na wasioenda kabisa. Sasa usikimbilie kusema ibada ni dawa. Hao ni manesi wa Marekani, maisha yao sio ya bibi wa Makete, alafu mgonjwa wa kitandani hafiki kanisani kwahiyo unaowaona kwenye benchi ni wale ambao tayari wana nguvu kidogo, watafiti walijitahidi kuliweka hilo kwenye hesabu ila huwezi kulimaliza lote. Kilichonivutia mimi ni pale walipochimba sababu: karibu robo ya ile tofauti ilitokana na kuwa na watu wa kukushika mkono, kiasi kama hicho kingine ni kwa sababu waenda ibada hawavuti sigara sana, na sehemu nyingine ni kutozama kwenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Yaani ukienda ukakaa, hukuongea na mtu, ukatoka, faida nyingi umeiacha mlangoni.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, kila jumapili anaenda, anakaa nyuma, anarudi, na bado anazidi kunyong'onyea. Mbona hiyo faida siioni?

Ndugu yangu, hili ndio swali lenyewe. Baba yako miaka yote alikuwa anaamka kuna watoto wanamsubiri darasani, kuna madaftari ya kusahihisha, kuna wazazi wanamwita mwalimu njiani. Siku amefikisha 60 hayo yote yamekatika kwa barua moja. Kanisani nako tunamwambia pumzika baba umechoka, ukarani anapewa kijana mwenye kompyuta, na Krismasi tunampelekea kilo mbili za sukari na kitenge cha mama tunapiga picha. Ni upendo sawa, ila hakuna mtu hata mmoja anaemtegemea kwa jambo lolote.

Na hili sio suala la heshima tu, ni la afya. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, watu karibu elfu 7 wenye miaka zaidi ya 50, waliojiona hawana sababu ya kuishi walikufa mapema zaidi kuliko waliokuwa nayo, na vifo vya moyo na mishipa ya damu vilikuwemo humo. Sababu zake bado zinajadiliwa lakini ukikaa na wazee unaelewa haraka tu: mwenye mahali pa kwenda kesho atakunywa dozi yake leo, ataoga, atatembea, atakula. Asiye napo anaacha kimoja kimoja.

Kwahiyo ongea na mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, baba apewe kazi. Sio cheo, kazi. Iwe na siku yake na saa yake na asipokuja ionekane imelala. Kwa mwalimu mstaafu mbona zipo nyingi, kusaidia darasa la kipaimara, kuwasomesha watoto wa mtaani hesabu jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kukaa na wachumba wanaojiandaa na ndoa, kuandika historia ya usharika kabla waliouanzisha hawajaisha, au hata kushika daftari la wagonjwa na kuwapigia simu kila jumatano. Ila msimpe kazi ya kumzuga, kuna parokia zina kamati za ushauri za wazee ambazo hazijawahi kuombwa ushauri, na wazee wanajua kabisa.

Mwanangu, mimi nina miaka 71, jumuiya nimeacha kwenda kwa sababu kila wiki ni michango na mimi sina. Je, kusali nyumbani peke yangu hakutoshi?

Shikamoo mama. Kusali kwako kunatosha mbele ya Mungu, hapo siingii. Mimi nahofia ule upweke. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilisema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na likauhusisha na vifo zaidi ya laki 8 kwa mwaka, kwa sababu unaongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, sukari na akili kudhoofika.

Hili la michango wengi mnalo mnalificha. Zanzibar tangu 2016 kila mwenye miaka 70 analipwa pensheni jamii, Kenya nao wana Inua Jamii kwa wa miaka 70 na zaidi, lakini Tanzania Bara mzee aliyelima maisha yake yote hana pensheni ya namna hiyo, anategemea watoto, na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya imeingia kwenye mpango. Alafu sisi tunasoma majina ya waliotoa na wasiotoa mbele ya watu! Mama, nenda kwa mwenyekiti, mwambie wazi siwezi kuchangia hela ila naweza kuja. Akili zikimkaa sawa atafurahi. Na nyie viongozi mnaosoma hapa, tangazeni kabisa kwamba aliyevuka 65 hadaiwi, atoe akitaka. Jumuiya ndogondogo maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976 ili watu wajuane na kusaidiana mtaani kwao, sasa kama zimegeuka ofisi ya kukusanya mapato, wa kwanza kupotea ni mzee.

Bibi anasikiliza misa redioni kila siku, inatosha?

Kwa faraja ya sala ni nzuri sana, hasa kama miguu haimfikishi. Ila redio haitajua siku bibi ameanguka bafuni. Iwepo redio na wawepo watu, jumuiya isali kwake walau mara moja kwa mwezi, na mtoto mmoja wa jirani apangiwe kupita.

Nina miaka 66, nina presha, naweza kuendelea na kwaya?

Endelea baba! Kama presha iko kwenye matibabu na hupati maumivu ya kifua wala pumzi kukata, imba. Pale San Francisco walianzisha kwaya 12 za wazee, watu 390, na baada ya miezi sita waimbaji walipungukiwa upweke na wakawa na hamu zaidi ya maisha, japo kumbukumbu na nguvu za miguu hazikubadilika, kwahiyo kwaya haitoi udhuru wa kutotembea. Mazoezi ya masaa matatu mkiwa mmesimama hayana maana, omba kiti.

Kanisani tumetangaziwa mfungo wa siku tatu bila maji. Nina sukari. Nifunge?

Hapana. Na sizunguki kwenye hili. Kama unachoma insulini au unakunywa vidonge aina ya glibenklamidi, ukikaa na njaa sukari inaweza kushuka ghafla: unatetemeka, jasho linakutoka, moyo unaenda mbio, unaanza kuongea vitu visivyoeleweka, na hapo pembeni watu wanaweza kudhani umejazwa roho. Ikitokea, acha mfungo hapo hapo, kunywa soda ya kawaida au maji yenye sukari vijiko vitatu vinne, alafu kula chakula. Mtu akishazimia msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Kwa wa presha, kufunga kukavu huku unakunywa zile dawa za kukojoza kunakukausha maji, presha inashuka ukisimama unaanguka, na figo zinaumia. Wakatoliki mjue kwamba sheria ya kanisa yenyewe inamfunga mtu kuanzia miaka 18 mpaka anapotimiza 59, baada ya hapo hudaiwi kufunga, na mgonjwa hadaiwi kwa umri wowote. Ukitaka kujinyima, jinyime televisheni, au ile chai ya sukari vijiko vitano ambayo hata hivyo hukutakiwa kuinywa. Anaetaka kufunga nusu siku lazima aongee na kliniki kabla, sio baada.

Mama aliombewa, akasema amepona, ameacha vidonge vya presha. Tumfanyeje?

Msigombane nae kuhusu imani, mtashindwa na atawaficha. Mwambieni hivi, mama, kama umepona twende tukapime, kipimo kishuhudie, na mpaka dokta aseme punguza tunaendelea na dozi. Presha haina kelele, mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 anacheza na wajukuu, kesho yake mkono umelegea na mdomo umepinda. Na akikuta ni 125 kwa 80 akiwa kwenye dawa, hiyo ni kazi ya dawa, sio ishara ya kuziacha.

Tuliona mwaka 2011 Samunge kule Loliondo, kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, foleni za magari kilomita kwa kilomita, na wapo walioacha dawa za sukari na za virusi vya ukimwi kwa matumaini hayo na wakarudi kliniki wakiwa hoi. Simhukumu marehemu, mzee wa watu aliamini alichoota. Ninachowaomba watumishi ni sentensi moja tu baada ya maombi, "endelea na dozi yako", kwa sababu mzee ambaye hamsikilizi dokta wala mwanae, nyie anawasikiliza.

Alafu jumuiya ikichanga ikanunua kipimo cha presha cha mkononi, kikapita kila wiki kwa wazee, kikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti mtu apelekwe kituo cha afya, huo mchango mimi naunga mkono kwa mikono miwili.

Tangu mume wangu afariki najisikia Mungu ameniacha. Nikisema hivyo kanisani wananiambia nitubu. Naumwa au sina imani?

Pole sana mama yangu. Kwanza husemi kitu kigeni, Ayubu kasema makali kuliko hayo na bado yupo kwenye Biblia. Pili, usikae nalo peke yako, maana kuna utafiti wa mwaka 2001 kwa wagonjwa karibu 600 wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa wanahisi Mungu amewaacha au hawapendi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka miwili. Kwahiyo kumwambia mtu wa namna hiyo "tubu" na kumwacha aende nyumbani ni kumwongezea mzigo. Tafuta padri, mchungaji au mama mmoja mjane mwenzio mwenye masikio, asiye na haraka ya kukufundisha.

Kulia ni kwa msiba. Ila zikipita wiki mbili mfululizo usingizi hakuna, chakula hakipiti, hutaki kuona mtu, kila kitu hakina ladha, au mwili unauma huku na huku na vipimo havioni kitu, nenda hospitali useme hayo yote, inaweza kuwa sonona na inatibika. Mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu leo leo na mpelekane hospitali.

Bibi anasahau, anatukana watu, anatoka usiku. Wanasema ni mapepo, wengine wanasema uchawi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu kuna watu wanakufa kwa hili. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa macho mekundu, macho yaliyobabuliwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50. Bibi anaepotea njia ya kisimani, anaeuliza swali moja mara kumi, anaewasahau wanae, huyo ubongo unaumwa. Mchungaji au katekista akisimama madhabahuni akasema hivyo waziwazi anaweza kuokoa mtu. Mpelekeni akapimwe, maana wakati mwingine ni maambukizi ya mkojo, sukari, tezi ya shingo au dawa alizochanganya, na hayo yanarekebishika, hasa kama kuchanganyikiwa kumekuja kwa siku chache tu. Maombi ya kumkemea kwa kelele usiku kucha, kumshika kwa nguvu, kumfunga kamba, hapana.

Na mchunguzeni masikio. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha mambo 14 yanayochangia ubongo kuzeeka vibaya, na kutosikia, kutoona vizuri na kutengwa na watu yote yamo. Bibi ambaye hasikii mahubiri ataacha kuja, mtasema amepoa kiroho kumbe masikio yamejaa nta.

Kanisa letu ni dogo, hela hatuna. Tuanzie wapi?

Mlangoni. Ngazi ziwe na kitu cha kushika, benchi mbili za mbele ziachwe kwa wazee na spika isiwe inawapigia kelele sikioni, atangaze mtu kabisa kwamba asiyeweza kupiga magoti akae, na baada ya sala ndefu watu wainuke taratibu kwa sababu presha hushuka mtu akiinuka ghafla. Na choo. Mzee mwenye tezi dume au mama anaetumia dawa ya kukojoza hawezi ibada ya masaa matatu kama choo kiko bondeni nyuma ya nyumba ya mchungaji, wengi jumapili wanaruka hiyo dawa kimya kimya, wengine wanaacha kuja kabisa na hawatawaambia sababu. Dawa wasiiruke, waulize kliniki kama wanaweza kuinywa wakishatoka kanisani, na nyie wekeni choo karibu chenye kiti na taa.