Malori yanayofuatana kwa redio: hesabu ya mita 15

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Tangu taa za breki za gari la mbele ziwake hadi mguu wa dereva ukanyage pedali, sekunde moja au zaidi huwa imepita, na lori bado halijaanza kupunguza mwendo. Ndiyo maana sheria ya Ujerumani hulitaka lori la zaidi ya tani 3.5, likizidi kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kuu, liache mita 50 mbele yake. Msafara wa malori yaliyounganishwa kielektroniki huacha mita 15 hivi, maana breki zake hazingoji jicho la mtu.

Kila lori hufungwa rada na kamera mbele, pamoja na redio ya masafa ya gigahezi 5.9. Mara kumi hivi kwa sekunde, lori la kwanza hutangaza mwendo wake, kama unaongezeka au unapungua, na kama breki imekanyagwa. Faida kubwa iko kwenye breki za upepo. Hewa huchukua muda kupita kwenye mabomba mpaka ifike kwenye magurudumu ya tela. Redio hupeleka habari pedali ikiguswa tu, hewa ya lori la mbele ikiwa bado njiani. Malori yote huanza kufunga breki karibu kwa wakati mmoja. Tena kila lori husikiliza la kwanza moja kwa moja, si jirani yake tu, la sivyo mguso mdogo wa breki mbele hukua kadiri unavyorudi nyuma, hadi lori la mwisho likalazimika kusimama ghafla.

Ila kuanza pamoja si kusimama pamoja. Chukua lori la mbele linaloweza kupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde, na la nyuma, lenye mzigo mzito au matairi yaliyolika, linaloweza mita 5 tu. Kutoka kilomita 80 kwa saa, la kwanza husimama baada ya mita 41, la pili baada ya mita 49. Mita 8 za nafasi zimeliwa, na wala hakuna aliyekosea. Ukiwa umeacha mita 6, umegonga. Kwa hiyo lori lenye breki dhaifu hutangulia na lenye breki kali hufunga msafara. Msafara unaopangwa njiani bila kujua uzito na hali ya breki za kila gari ni hatari, hata redio iwe bora namna gani.

Kwa nini watu wajisumbue hivyo? Mafuta. Lori la nyuma hukingwa upepo, na hata la mbele hunufaika kidogo kwa sababu msukosuko wa hewa mgongoni mwake hupungua. Kwenye barabara ya A9 ya Ujerumani, kati ya Munich na Nuremberg, malori mawili ya kiwanda cha MAN yaliyoendeshwa na madereva wa kampuni ya usafirishaji ya DB Schenker katika majaribio ya 2018 na 2019 yaliacha mita 15 hadi 21, na la nyuma likaokoa asilimia 3 hadi 4 ya dizeli. Ukiyasogeza karibu zaidi, tatizo jingine huja: rejeta inayopoza injini ya lori la nyuma hukosa hewa ya kutosha, feni huwaka, na feni ya lori hula nguvu nyingi za injini. Kilichookolewa kwa kukingwa upepo hupotea kwa mlango huo.

Adui mkubwa zaidi ni msongamano. Gari dogo likichomekea katikati ili kuwahi njia ya kutokea, mfumo hulazimika kurudisha nafasi ya kawaida. Likiondoka, lori la nyuma huongeza moto ili liungane tena, na mafuta huenda hapo. Daimler, kampuni inayounda malori ya Mercedes-Benz, ilitaja sababu hiyo Januari 2019 ilipoamua kuutathmini upya mpango wake wa misafara. Majaribio ya misafara hii yaliyoitwa HelmUK, kwenye barabara za Uingereza, zenye maingilio yaliyokaribiana, yaliishia na uokoaji wa takriban asilimia 0.5. Kwa maoni yetu, mafuta peke yake hayatoshi kulipia vifaa hivi. Upungufu wa madereva ni hoja nzito zaidi: Februari 2021, kwenye barabara ya Shin-Tomei nchini Japani, malori matatu yalikwenda kilomita 80 kwa saa, kiti cha dereva cha mawili ya nyuma kikiwa kitupu.

Mwenye gari dogo akikutana na msafara asiingie kati yake hata kama anaona nafasi. Anayeingia barabara kuu aongeze mwendo apite mbele ya malori yote, au apunguze aingie nyuma ya la mwisho. Anayetaka kutoka arudi nyuma ya msafara mapema, si mita 200 kabla ya njia ya kutokea.

Kwenye barabara isiyo na ukuta wa kati, kama sehemu kubwa ya Mombasa–Nairobi au TANZAM, mfumo huu haufai. Malori matatu ya mita 16.5 yenye nafasi mbili za mita 15 ni karibu mita 80. Gari la kilomita 100 kwa saa likiyapita yakienda 80 hutumia sekunde 14 na zaidi ya mita 400 likiwa upande wa wanaokuja, na pale katikati halina pa kujichomeka lori jingine likitokea mbele.