Kizazi cha gari ni nini hasa, na kwa nini Porsche 911 ya juzi inafanana na ya 1963

Nenda duka lolote la spea Kariakoo useme unataka taa ya mbele ya Mark II, swali la kwanza utakaloulizwa ni "ipi, GX 90, GX 100 au GX 110?" maana ya GX 100 haikai kwenye GX 110 hata uilazimishe na nyundo. Basi hizo namba ndo vizazi vyenyewe. Kizazi kipya ni pale kampuni inapoweka pembeni bodi ya zamani na kuchora nyingine, jina tu ndo linabaki. Feisilifti ni kitu kingine, hapo gari ni ileile, wanagusa taa, bampa, sho ya mbele na labda dashibodi kidogo ili iendelee kuuzika mpaka kizazi kinachofuata kifike. Mtaani zote mbili tunaziita nyu modo, ndo maana mabishano hayaishi.

Mara nyingi ukitaka kujua kama ni kizazi kipya au feisilifti angalia milango, paa na kioo cha mbele. Hivyo vikiwa vilevile, jua ni feisilifti. Ila ukija kwenye magari ya spoti ya kihistoria njia hii inaweza kukuangusha, na mfano mzuri kuliko wote ni Porsche 911.

Ilioneshwa Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni zao, ikawa 911. Mchoro ni wa Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa mwanzilishi. Injini iko nyuma kabisa, silinda sita zimelala, inapozwa na hewa. Hicho kitu cha mwisho ndo kilichoipa sura, kwa sababu gari isiyo na rejeta haihitaji mdomo mkubwa mbele, kwa hiyo uso ukabaki laini, taa mbili za duara zimesimama juu ya madigadi na boneti imeshuka chini katikati yake.

Mabadiliko makubwa ya kwanza ya sura hayakuletwa na mchoraji, yaliletwa na sheria. Marekani walitaka bampa iweze kugongwa kwa mwendo wa kama kilomita 8 kwa saa bila gari kuharibika, basi kuanzia toleo la 1974 Porsche wakaweka bampa nene zilizotokeza nje, na pembeni zina mpira mweusi wa mikunjomikunjo unaojikunja bampa ikirudi nyuma. Ukiiona hiyo mikunjo umeshajua gari ni ya miaka ipi, huna haja ya kuuliza.

Halafu 1989 ikaja 911 ya kizazi cha 964 (vizazi vya 911 navyo vinaitwa kwa namba) na hapo ndo njia yetu ya milango inafeli. Paa na milango ukiiangalia haraka ni kama ya zamani, bampa ndo zimeungana na bodi, na kuna spoila ya nyuma inayonyanyuka yenyewe ukifika kilomita 80 kwa saa. Sasa Porsche wenyewe walisema asilimia 85 ya gari hiyo ni mpya! Yaani nje hujaona kitu ila chini wamebomoa karibu kila kitu. 993 iliyofuata ikalaza taa kidogo na kupanua madigadi ya nyuma, kwangu mimi hii ndo nzuri kuliko zote na sibishani na mtu.

Mwaka 1997 wakatoa 996 na washabiki wakawaka. Injini sasa inapozwa na maji, ilibidi, maana sheria za moshi na kelele zilishabana, na rejeta zikawekwa mbele kwenye kona za bampa ndo maana kuna matundu makubwa pale. Lakini kilichowauma watu ni taa. Kampuni ilikuwa imetoka kwenye hali mbaya ya kifedha, kwa hiyo ili kubana matumizi sehemu ya mbele wakashea na Boxster, ile gari yao ya bei ya chini, taa na indiketa vikawa kitu kimoja chenye umbo la ajabu, watu wakaziita mayai ya kukaanga. Mtu kalipa hela ya 911 halafu kwenye kioo cha mwenzake anaonekana kama kaja na Boxster, lazima aumie. Feisilifti ilipofika wakaweka taa za tofauti na za Boxster, na 997 ya 2004 ikarudisha duara kamili na indiketa zikahamia chini kwenye bampa. Baada ya hapo hawajathubutu tena kuchezea duara.

Kilichobadilika kimyakimya ni ukubwa. Ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita 1,610, 992 iliyooneshwa 2018 ina 1,852. Ukizipaki pamoja ile ya zamani inaonekana kama mtoto wake.

Wajapani walienda njia nyingine. Nissan Fairlady Z ya 1969 na ile ya 1989 ukiziweka pamoja huwezi kuamini ni ukoo mmoja, kila kizazi kilifuata mitindo ya wakati wake, halafu Z iliyoingia sokoni 2022 ndo ikarudi kuchukua uso wa ile ya kwanza na taa za nyuma za ile ya 1989.

Na usidanganywe na picha za mtandaoni, kuna kampuni ya California inaitwa Singer ambayo inachukua 964 ya mteja na kuivalisha bodi yenye sura ya miaka ya nyuma, hivyo unachokiona ni gari ya zamani inayoonekana ya zamani zaidi.