Kuutambua mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 katika picha za Vita vya Pili vya Dunia

Picha ikionyesha askari wa Kijerumani kando ya mzinga, maelezo yake huandikwa "mzinga wa Kijerumani" bila kuangalia zaidi. Sare haitoshi. Mwaka 1940 Ujerumani iliteka maelfu ya mizinga ya Kifaransa ya muundo wa 1897, na mingine ilikuwa imeiteka nchini Poland mwaka uliotangulia. Iliipa majina mapya (FK ni kifupi cha Kijerumani cha "mzinga wa uwanjani"): FK 231(f) kwa ile ya Ufaransa, FK 97(p) kwa ile ya Poland. Herufi ya mwisho hutaja nchi ilikotekwa.

Anzia mdomoni mwa mtutu. Muundo wa 1897 una uvimbe chini ya mdomo, wenye roli ndogo. Mzinga ukifyatuliwa, mtutu hurudi nyuma zaidi ya mita moja juu ya reli, na roli hizo huushikilia usiinuke mbele unapofika mwisho. Kisha tazama chini ya mtutu: kasha refu la mfumo wa kupokea mshindo huenea karibu hadi mdomoni. Putilov ya Kirusi ya 1902, ambayo Poland pia iliitumia na mara nyingi huchanganywa na huu, haina roli hizo, na kasha lake ni fupi.

Magurudumu yaache mwisho, maana ndiyo yanayopotosha zaidi. Wengi wakiona matairi ya mpira husema Wajerumani wameubadilisha, kumbe Wafaransa wenyewe walikuwa wameshaweka matairi ya upepo ili uvutwe na magari, na Wamarekani waliuweka mtutu huohuo juu ya gari la mzinga (fremu yenye magurudumu inayobeba mtutu) lenye miguu miwili inayopanuka.

Mabadiliko ya Kijerumani yenyewe ni Pak 97/38, mzinga wa kupiga vifaru. Vifaru vya Kisovieti T-34 vilipowashinda mwaka 1941, Wajerumani waliupandisha mtutu wa Kifaransa juu ya gari la Pak 38, mzinga wao wa milimita 50 wa kupiga vifaru. Gari hilo lilikuwa jepesi mno kwa mshindo huo, ndiyo maana mdomoni wakafunga bomba lenye safu za matundu ya kutolea gesi pembeni. Zaidi ya 3,500 ilitengenezwa. Ukiona ngao ya chini ya bamba mbili, miguu miwili, kasha refu chini ya mtutu na bomba la matundu, jibu umelipata. Pak 38 halisi ina mtutu mwembamba, na kasha lake halifiki mbele kiasi hicho.

Hakikisha pia picha haikusafishwa kinyume: kwenye muundo wa 1897 darubini ya mlengaji iko kushoto, na mkono wa kufungulia nyuma ya mtutu uko kulia.

Mdomo ukiwa umefichwa na majani au umekatwa na ukingo wa picha, andika tu "mtutu wa milimita 75, muundo wa 1897, aina ya gari haijathibitishwa".