Msimu wa mikizi Florida: usirushe ndoano pale walipojaa

Kazi yangu ni kuwatoa wageni kuvua upande wa mashariki wa Florida, kuanzia Sebastian Inlet kushuka mpaka Fort Pierce na Stuart, na kila Septemba ikikaribia simu zinaanza, nije na rodi (fimbo ya kuvulia) gani, spoti yako ya siri, yaani pale unapovulia, iko wapi. Spoti ya siri hakuna bana, kuna mikizi tu, wale samaki wanaosafiri kwa makundi na ndio chakula cha wakubwa, wao wakihama na sisi tunahama.

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba hivi wanashuka toka kaskazini kwenda kusini, wengine wanaambaa na ufukwe, wengine wanapita ndani kwenye Indian River Lagoon, lile bwawa refu la maji ya bahari nyuma ya ufukwe. Joto la Septemba bado linachoma ila siku zimeshaanza kufupika na maji yanapoa kidogokidogo, na ule upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili tatu basi unakuta maji ya ufukweni yamekuwa meusi kwa samaki. Wapo wadogo weupe na wapo wakubwa wenye mistari, hawa wakubwa baadaye wanatoka kwenda bahari kuu kutaga. Nyuma yao kuna snuki na taponi (snook na tarpon, samaki wawindaji wa huku), kolekole, nguru, papa, yaani kila mwenye njaa.

Sasa mgeni akiona kundi la maelfu anataka arushe katikati. Nakataa. Chambo chako pale ni mkizi mmoja kati ya elfu kumi, samaki mkubwa amchague wa kwako kwa lipi? Isitoshe kundi lililotulia, linaloogelea taratibu na vichwa juu, mara nyingi halina mtu chini yake. Mi natafuta mikizi wenye hofu, wale wamejibana kama mpira, wanaruka wote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, hapo ujue kuna kitu kinawafukuza na kiko upande walikotoka. Rusha pembeni au nyuma ya kundi, acha chambo kizame chini yao kikae peke yake. Mi huwa nampunguza mkizi ncha ya mkia kwa mkasi ili aogelee vibaya, maana mwindaji anamtaka aliyelegea. Chambo tunawatega wenyewe asubuhi kwa kimia, ndoano ni ya duara inapita mdomo wa juu wa mkizi, na samaki mkubwa akila usichape rodi juu kama unapiga nyoka, we zungusha rili (gurudumu la mshipi) tu ndoano itajishika yenyewe kwenye kona ya mdomo. Taponi akiruka inamisha rodi mshipi ulegee, ukikaza anakata au anatema.

Saa ya kutoka napanga mimi kwa kufuata maji. Kwenye inlet, yaani mlango wa kutokea baharini, maji yakianza kupwa yanamwaga mikizi kutoka ndani kwenda baharini na snuki wanawasubiri nyuma ya mawe wameelekea mkondo, bamvua ikikutana na alfajiri ndo raha yenyewe, maji mafu, yasiyo na mkondo wa nguvu, tunaweza kukaa tunatazamana tu.

Kuhusu kubeba samaki nyumbani, snuki upande huu msimu wake wa vuli ni Septemba 1 hadi Desemba 14, mmoja kwa mtu kwa siku, asipungue inchi 28 wala asizidi 32, na mimi nahodha sihesabiwi, kwa hiyo msinipigie hesabu ya samaki wa ziada. Wakubwa wanarudishwa kwa sababu snuki huanza maisha dume halafu akikua anageuka jike, hao wanene ndo mama zetu. Taponi ni picha tu, aliyezidi inchi 40 hatolewi hata majini, na redifishi (samaki mwingine wa huku, redfish) wa Indian River Lagoon tangu Septemba 2022 ni kumwachia. Leseni usihangaike, ya boti inawafunika abiria.

Msimu wa vimbunga unaisha Novemba 30, kwa hiyo ukikata tiketi ya ndege weka siku moja mbili za akiba. Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kupanda, sio ukishaanza kutapika. Bakshishi huku ni asilimia 15 hadi 20. Na ndizi! Manahodha wengi wa huku hawataki kuziona botini, wanasema mkosi, mi nimekulia Tanga ndizi nakula vizuri tu ila boti sio yangu, kwa hiyo tunazimalizia kwenye parking.